Mrejesho: laini ya simu Ushelisheli

Asanteni wadau. Niliuliza nikiwa Kisumu jinsi ya kubaki hewani Ushelisheli bila kumaliza mfuko. Jibu lililofanya kazi ni simu ya laini mbili. Ya Kenya iwashiwe roming (huduma ya kutumia laini yako ukiwa nje ya nchi) kabla ya safari, kwa ajili ya SMS za benki tu. Data yake izimwe kabisa. Ya pili ununue huko, Airtel au Cable & Wireless, pasipoti mkononi. (Airtel ya Kenya haigeuki kuwa ya huko eti kwa sababu jina ni moja.)

Kinachosumbua hasa ni majina yaliyohifadhiwa kwa 07. Ukipiga kwa laini ya huko, simu haiendi, maana mtandao unaitafuta namba hiyo humo humo visiwani. Toa sifuri, weka +254 mbele. Wa nyumbani nao waanze na +248, kisha tarakimu saba za namba yako ya huko, na wakumbuke saa za huko zimetangulia kwa saa moja. WhatsApp ikiuliza kama umebadili namba, kataa. Chaja yetu ya pini tatu inaingia bila adapta.