Paka wa Devon Rex: nimchane mara ngapi, na je, nimwogeshe?

Mama Salma (Bristol)
Habari za jioni, ndugu zangu. Jirani aliyehama ametuachia paka jike wa aina ya Devon Rex, mwenye umri wa miaka miwili. Manyoya yake ni mafupi na ya mawimbi, na kifuani na tumboni ni haba kiasi kwamba ngozi inaonekana. Kila baada ya siku chache mwili wake hushikika kana kwamba amepakwa mafuta, masikio hujaa uchafu wa kahawia, na uchafu kama huo hujikusanya kwenye mashina ya kucha. Paka tuliokuwa nao nyumbani Tanga walijisafisha wenyewe na hawakuhitaji lolote. Je, huyu nimchane kila siku? Na kumwogesha ni salama katika majira haya ya baridi?

Mfugaji wa Leeds
Dada, usimchane kila siku. Aina hii ilianzia huko huko kusini-magharibi mwa Uingereza, katika mji wa Buckfastleigh, Devon, mwaka 1960, kutokana na badiliko la kijeni lililoudhoofisha unywele wenyewe. Ndiyo maana hata sharubu zake ni fupi na hukatika ovyo. Brashi ngumu au chanuo la meno ya karibu huweza kumwacha na mabaka matupu ambayo huchukua muda mrefu kufunikwa tena. Mpitishie kiganja au kitambaa laini kwa kufuata mwelekeo wa manyoya, na brashi laini sana mara moja kwa juma inatosha kabisa.

Kinachohitaji kazi zaidi ni ngozi. Kila paka hutoa mafuta ya ngozi, lakini kwa paka wa kawaida mafuta hayo hutawanyika kwenye manyoya mengi, ilhali kwa huyu hubaki juu ya ngozi na ulimi wake hauwezi kuyamaliza. Kwa hiyo kumwogesha kunafaa, pale tu anaponata. Tumia maji ya uvuguvugu na shampuu ya paka, kwa sababu ya binadamu hailingani na ngozi yake, kisha msuuze mpaka povu liishe kabisa. Mkaushe kwa kumbonyeza na taulo bila kumsugua, na asitoke katika chumba chenye joto mpaka akauke hadi kwenye ngozi.

Msaidizi wa kliniki ya wanyama (Mombasa)
Nakubaliana na mwenzangu, ila masikio na kucha yasichukuliwe kuwa jambo la usafi pekee. Paka wa aina hii huandamwa na kuvu wa Malassezia, ambaye hustawi penye mafuta. Nta kidogo isiyo na harufu ni ya kawaida. Ifute kwa pamba na dawa ya kusafishia masikio ya paka, bila kuingiza vijiti ndani. Ukiona wekundu, harufu kali au kujikuna kusikokoma, apimwe na daktari.

Tafadhali sana, usimpake mafuta ya mti wa chai wala dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Nyingi kati ya hizo zina permethrini, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja, na huweza kumletea mitetemeko, degedege na hata kifo.

Bi. Zuwena (Muscat)
Huku kwetu tatizo si baridi ya nje bali jua la dirishani, kwani penye manyoya haba ngozi huungua upesi, na masikio yake makubwa ndiyo huumia kwanza. Mfungie pazia la dirisha saa za mchana wakati wa kiangazi. Pia tahadhari na ushauri wa wenye Selkirk Rex, aina iliyoanzia Montana, Marekani, mwaka 1987: manyoya yao ni mazito na hufumana yasipochanwa, kwa hiyo yanayowafaa hayamfai wako.

Mama Salma (Bristol)
Ahsanteni mno. Sikio la kushoto lina harufu, hivyo nimeomba miadi ya Jumatatu. Nimwogeshe kabla ya kumpeleka?

Msaidizi wa kliniki ya wanyama (Mombasa)
Hapana, dada, wala usimsafishe masikio. Daktari atahitaji kuchukua sampuli ya nta na ya uchafu wa kwenye kucha ili aitazame kwa hadubini, na ukimwosha leo huenda asipate cha kupima.