Shule za mkataba New Orleans: ufaulu umepanda, lakini mtoto anasoma wapi?

Mleta mada

Juzi mwenzetu mmoja aliandika kwamba dawa ya shule za umma za Tanzania zinazofelisha ni kuzikabidhi kwa waendeshaji binafsi, serikali ibaki kulipa tu, na akatoa mfano wa New Orleans. Mimi naishi New Orleans na nina binti darasa la tatu katika shule ya aina hiyo. Mfano ule ameuchukua nusu, ndiyo maana naleta mada.

Kwa asiyejua: shule ya mkataba ni ya umma na haina ada, ila inaendeshwa na bodi isiyo ya serikali kwa mkataba wa miaka kadhaa. Ikiboronga, mkataba unakatwa. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, jimbo la Louisiana liliipokonya bodi ya mji shule zaidi ya 100, shule zikaanza kuingizwa kwenye mikataba ya aina hii, na wafanyakazi zaidi ya 7,000 wakaachishwa kazi. Wengi walikuwa walimu wanawake Weusi. Kabla ya kimbunga, asilimia 71 ya walimu walikuwa Weusi; kufikia 2014 walibaki kama nusu, katika mji ambao wanafunzi wake wengi ni Weusi. Kaa kibarazani na mzee yeyote wa Tremé, mtaa wa zamani wa Weusi hapa mjini, atakusimulia hilo kabla hujamuuliza.

Ufaulu umepanda kweli, wala sibishi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane wakiongozwa na Douglas Harris wamelifuatilia jambo hili kwa miaka: alama zilipanda, wanaomaliza sekondari wakaongezeka, wanaoingia chuo vilevile. Lakini watafiti wa chuo hichohicho walikuta kwamba matumizi kwa kila mwanafunzi yalipanda kwa asilimia 13, ya utawala yakaruka kwa asilimia 66, na ya ufundishaji yakashuka kwa asilimia 10. Kila bodi ina mkurugenzi wake, mhasibu wake, ofisi yake. Hela inaishia huko.

Sasa uandikishaji, na hapa ndipo roho inaniuma. Tangu 2012 mzazi anajaza fomu moja, anapanga shule anazozitaka, kompyuta inagawa nafasi. Kuna shule dakika saba kwa miguu kutoka mlangoni kwetu. Kengele yake naisikia nikiwa jikoni. Binti yangu hakupata. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakuwa kituoni, giza totoro, mkononi ana mkate nilioufunga kwenye karatasi, na hauli mpaka basi lifike kwa sababu bado ana usingizi. Basi linazunguka nusu ya mji. Kabla ya Katrina mji huu ulikuwa na wanafunzi kama 65,000. Leo hawafiki 50,000. Ruzuku inamfuata mtoto, kwa hiyo watoto wakipungua shule zinagombaniana, na inayoshindwa inafungwa. Shule yake ya kwanza ilifungwa akiwa na mwaka mmoja tu pale. Barua niliikuta kwenye begi lake, imekunjwa mara nne, na alikuwa ameshaisoma.

Mchangiaji

Kaka, pole sana na hiyo barua. Lakini mume wangu ni mzaliwa wa New Orleans, amesoma huko miaka ya tisini, na akisikia watu wanalilia shule za zamani anakasirika. Mwaka 2003 mwanafunzi aliyeongoza darasa lake zima alishindwa mtihani wa hisabati wa kumaliza sekondari. Aliyekuwa wa kwanza! Ufisadi ulifika mahali wapelelezi wa FBI wakapewa ofisi ndani ya makao makuu ya bodi ya mji. Shule ya dakika saba isiyomfundisha mtoto kusoma ina faida gani? Mimi ningepanda hilo basi.

Mleta mada

Dada yangu, hayo yote ni kweli, na shemeji ana haki ya kukasirika. Hata mimi napanda basi, kwa sababu binti anasoma vizuri. Ila usiniambie mkataba umeondoa wizi. Mwaka 2019, Kennedy, sekondari ya mkataba hapahapa mjini, iligundulika kwamba karibu nusu ya wahitimu waliovalishwa majoho hawakuwa wametimiza masharti ya kuhitimu. Vijana walikuwa wameshaaga nyumbani kwenda chuo. Penye ukaguzi legevu, mwendeshaji awe bodi au awe nani, mtoto ndiye anayelipa.

Mwaka 2018 shule zilirudi chini ya usimamizi wa bodi ya mji, inayochaguliwa na wananchi, mikataba ikibaki, na Agosti 2024 bodi ikafungua Leah Chase School, inayoiendesha yenyewe bila mkataba na mtu. Ninachotaka mimi ni kila upande wa mji upate angalau moja ya namna hiyo, watoto wa jirani wapokelewe kwanza, na isifungwe kwa sababu tu madawati ishirini yamekosa watu mwaka huu. Hizo nyingine ziendelee na mikataba yao.

Na kwa mwenzetu anayetaka kuupeleka mfumo huu Tanzania: pale darasa moja lina watoto mia na mwalimu mmoja, mkataba utampa mwalimu wa pili? Kama ndiyo, fedha zitoke fungu lipi? Hilo hakuliandika.

Dada, niulizie kwa shemeji kitu kimoja: yeye shule yake ilikuwa mbali kiasi gani na kwao?