Kupanga vituo vya gofu ya diski kutoka Massachusetts hadi California

Swali

Ndugu wachezaji, mwezi Julai mimi na mwenzangu tutasafiri kwa gari kutoka Worcester, Massachusetts, hadi Los Angeles, mwendo wa karibu kilomita 5,000, na tumejipa siku tisa. Tumekubaliana kwamba tucheze gofu ya diski (mchezo wa kurusha visahani hadi viingie kwenye vikapu vya minyororo, kila kikapu kikihesabiwa kuwa shimo) njiani badala ya kushinda barabarani na kuishia kulala tu. Nimeifungua ramani ya UDisc, programu ya simu inayoonyesha viwanja vya mchezo huu, na kuweka alama kwenye kila uwanja wenye sifa nzuri ulio karibu na njia yetu, na hadi sasa alama zimefika ishirini na tatu. Mwenzangu, ambaye alianza mchezo huu mwaka jana, aliitazama ramani hiyo kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama kuna siku tutakayofika.

Njia tuliyoifikiria inapita Cincinnati, Kansas City na Denver. Viwanja viwili sitaki kuviacha: Idlewild ulioko Burlington, Kentucky, na Oak Grove ulioko La Cañada Flintridge, jirani na Pasadena, ambako tungependa kumalizia. Vingine vyote naweza kuvifuta. Naomba kujua mnapangaje idadi ya viwanja, mnacheza asubuhi kabla ya kuondoka au jioni baada ya kufika, na mnabeba diski ngapi. Vilevile kuna aliyenishauri tupite kusini ili tuione Appling, Georgia. Je, inafaa?

Jibu la kwanza

Viwanja ishirini na vitatu kwa siku tisa haviwezekani, na mkijaribu mtaanza kununiana kabla hamjaimaliza Ohio. Kosa ambalo wengi wetu tumelifanya ni kuhesabu raundi peke yake. Watu wawili wanaweza kumaliza mashimo 18 ya uwanja wa wazi kwa saa moja na nusu au mbili, lakini kuna muda wa kutoka barabara kuu, kutafuta maegesho, kubadili viatu, kuitafuta sehemu ya kurushia ya shimo la kwanza (ambayo, kwa sababu nisizozielewa, mara nyingi imejificha nyuma ya kitu fulani), kuwapisha wanaocheza haraka, kutafuta diski iliyoingia kichakani na kula kabla ya kuondoka. Kwa hiyo mimi hutenga saa nne kwa uwanja wa kawaida na tano kwa uwanja wa msituni. Siku ya kuendesha saa nane haina nafasi ya zaidi ya uwanja mmoja, tena mwepesi.

Idlewild si mwepesi. Una miti mingi na mashimo marefu, na kila mrusho unataka upite katika upenyo ambao ukiwa umesimama pale huonekana mpana kuliko ulivyo. Mara ya kwanza nilifika huko jioni baada ya kuendesha tangu alfajiri, nikijiambia kwamba jua bado lipo. Lilikuwepo kweli, ila juu ya miti. Chini giza lilikuwa limeshaanza kuingia, na nilipofika shimo la sita nilikuwa nimepoteza diski mbili, huku ya tatu nikiitafuta kwa tochi ya simu, nikipekua majani kwa mguu. Laleni karibu na hapo, mcheze asubuhi, kisha siku hiyo mwendeshe kidogo tu.

Baada ya hapo ningewashauri mchepuke Topeka na kushuka kusini kama kilomita 100 hadi Emporia, Kansas. Ni mji mdogo, lakini umeandaa mashindano ya dunia mwaka 2016 na tena 2022, na viwanja vya Jones Park na Peter Pan Park viko katika bustani za umma. Kaeni siku nzima. Ni mahali pekee kwenye njia yenu ambapo ningecheza viwanja viwili kwa siku moja.

Kuhusu Appling, Kituo cha Kimataifa cha Gofu ya Diski kina viwanja vitatu, na kimoja kimepewa jina la Ed Headrick, aliyebuni vikapu vya mchezo huu. Ni mahali pazuri kwa anayepita kusini tangu mwanzo. Kwenu ni kuzunguka mno, kwa hiyo kiacheni.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu hesabu ya saa, ila sikubali kwamba asubuhi ndiyo wakati bora kila mahali. Mnaelekea magharibi, na hilo linawafaidi. Mkivuka mpaka wa Indiana na Illinois saa inarudi nyuma kwa saa moja, na mkikaribia kuimaliza Kansas inarudi tena. Tena si saa ya ukutani peke yake, kwa kuwa ukiendesha kilomita elfu moja kulifuata jua, mchana wenyewe unarefuka kwa zaidi ya nusu saa. Kwenye uwanja wa wazi, jioni ya Julai inatosha kabisa kwa mashimo 18, na miguu iliyokaa garini siku nzima hushukuru.

Kuhusu diski, wawili mnaweza kutosheka na kumi au kumi na mbili kila mmoja, mradi zichaguliwe kwa kufikiria hewa. Kansas mtakutana na upepo. Diski ikirushwa dhidi ya upepo hupinda kulia na kuinuka (nasema hivi kwa anayerusha kwa mkono wa kulia akitokea upande wa kushoto wa mwili), kwa hiyo bebeni moja au mbili ngumu kupinda, yaani zisizogeukia kulia kirahisi. Colorado mambo hugeuka. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, na Conifer, kwenye uwanja wa Beaver Ranch, ni juu zaidi. Hewa nyepesi haiibebi diski vizuri, hivyo ile mliyoizoea nyumbani kwa kwenda moja kwa moja itaanza kuvuta kushoto mapema na kuanguka. Huko zile rahisi kupinda kulia, ambazo pengine mnazidharau, ndizo zitakazowasaidia.

Jambo dogo lakini lenye gharama: msiziache diski kwenye buti mchana wa Julai. Yangu ya kulengea kikapu, ya plastiki laini ya bei nafuu, ilikunjamana ukingo mmoja ikawa kama kifuniko cha sufuria kilichokanyagwa. Niliilowesha katika maji ya moto kiasi, nikailaza mezani chini ya kitabu kizito usiku kucha, ikanyooka karibu yote. Karibu.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nimebakiza Idlewild asubuhi, Emporia siku nzima, Conifer jioni tutakapofika kutoka Kansas, na Oak Grove mwishoni. Mwenzangu amefurahi, hasa aliposikia kwamba Oak Grove ndio uwanja wa kwanza wa kudumu, ambao Headrick aliuanzisha mwaka 1975, na kwamba mwanzoni ulikuwa na nguzo tu, kabla hajabuni vikapu vya minyororo.

Jibu la tatu

Ratiba ni nzuri, lakini rekebisheni Conifer. Katika milima ya Colorado majira ya joto, mawingu hukusanyika baada ya adhuhuri na radi hupiga mara nyingi mchana na jioni, nanyi mtakuwa mlimani, mmesimama kando ya nguzo ya chuma yenye minyororo. Laleni Denver, mpande mapema na kuanza saa moja asubuhi, ili muwe mmemaliza kabla ya saa sita. Na kwa kuwa Oak Grove mtafika mwishoni mwa safari, tazameni kalenda ya mashindano kabla ya kuchagua siku, maana uwanja ukiwa na mashindano Jumamosi hamtaruhusiwa kurusha hata mara moja.