Redio ya volti 12 kwenye lori la volti 24

Mkuu wa Safari: Wakuu naombeni msaada, redio yangu inakula kama ampea 8, nimefunga LM7812 (kidude cha kushusha volti hadi 12) imechemka dakika haijaisha ikazima, shida nini?

Fundi Umeme: Mkuu hiyo mwisho ampea 1.5, na volti za ziada zote inageuza joto, kwa ampea 8 hapo ni wati 96 za moto mtupu! Tafuta bak konveta (kifaa cha kushusha volti bila kupoteza joto jingi) ya ampea 15, yenyewe inawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, koili inaulainisha. LM2596, chipu ndogo ya bak konveta, achana nayo, mwisho ampea 3.

Mkuu wa Safari: Nikichukua waya kwenye betri moja tu kati ya zile mbili za volti 12 za lori?

Dada Waya: Usithubutu kaka, hiyo betri inachoka peke yake nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa. Na fyuzi weka karibu na betri, tafadhali.