Transmission, qBittorrent au Deluge: ipi ijiwashe yenyewe kwenye Debian?

kipanga_seva
Wakuu, nataka programu ya torenti ijiwashe kompyuta ikiwaka, bila mtu kuingia kwenye akaunti. Mashine ni ya Debian, haina skrini, na faili zinakaa kwenye diski ya nje, /mnt/hifadhi. Torenti ni mia kadhaa, nyingi za kusambaza faili za usakinishaji za Linux. Kati ya transmission-daemon, qbittorrent-nox na deluged, ipi inafaa?

msambazaji
Kama RAM ni finyu, transmission-daemon. Ukimaliza `apt install transmission-daemon`, huduma tayari inafanya kazi chini ya mtumiaji debian-transmission, na unaisimamia kwa kivinjari kupitia poti 9091.

Kinachosumbua wengi ni mipangilio. Ukihariri /etc/transmission-daemon/settings.json huduma ikiwa hai, ikija kuzimwa inaiandika upya faili hiyo na mabadiliko yako yanafutika. Anza na `systemctl stop transmission-daemon`, hariri, halafu uiwashe. Humo humo, rpc-whitelist (orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuingia) inaruhusu 127.0.0.1 tu, yaani mashine yenyewe, hivyo kompyuta nyingine itapata kosa la 403 mpaka uongeze mfano 192.168.1.*. Na debian-transmission apewe ruhusa ya kuandika kwenye diski, la sivyo kila torenti itasimama na "Permission denied".

nox_daima
Mimi napendekeza qbittorrent-nox kwa torenti nyingi hivyo. Makundi, lebo, RSS (kufuatilia torenti mpya kiotomatiki) na ukomo wa kusambaza kwa kila torenti, vyote vimo kwenye ukurasa wake wa poti 8080. Mtengenezee mtumiaji wake:

`adduser --system --group --home /var/lib/torenti torenti`

Kisha andika faili ya huduma ya systemd (programu ya Debian inayowasha na kusimamia huduma), /etc/systemd/system/qbt.service:

```
[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target
RequiresMountsFor=/mnt/hifadhi

[Service]
User=torenti
UMask=0002
ExecStart=/usr/bin/qbittorrent-nox
Restart=on-failure
TimeoutStopSec=300

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Malizia na `systemctl daemon-reload`, kisha `systemctl enable --now qbt`. Usiweke `-d` kwenye ExecStart: programu itajigawa na kujificha, systemd itadhani imekwisha. Tangu toleo la 4.6.1 hakuna tena nenosiri la mwanzo la adminadmin. Nenosiri la muda linatolewa kila inapowaka, lisome kwa `journalctl -u qbt`, kisha weka lako mara moja.

kebo_ndefu
Deluge ina uzuri mmoja mkubwa: unaunganisha programu ya kawaida ya mezani na deluged kupitia poti 58846, ukaitumia kana kwamba torenti ziko kwako. Gharama yake ni huduma mbili, deluged na deluge-web ya poti 8112 (nenosiri la mwanzo ni deluge, libadilishe). Hapa `-d` ina maana ya kinyume kabisa: `deluged -d` inaizuia isijifiche, kwa hiyo iweke.

msambazaji
Mkuu nox_daima, mstari wa RequiresMountsFor, unaoifanya huduma isubiri diski, ndio muhimu kuliko uchaguzi wa programu. Diski ikichelewa kuwaka, huduma inaikuta /mnt/hifadhi ni folda tupu, inaripoti faili hazipo au inaanza kupakua upya kwenye diski ya mfumo mpaka ijae. Kwa Transmission, tumia `systemctl edit transmission-daemon` uongeze mstari huo huo chini ya Unit. Ila diski lazima iwe imeandikwa kwenye /etc/fstab (orodha ya diski za kuunganishwa mashine ikiwaka), ikiwezekana kwa UUID (namba yake ya kipekee), la sivyo systemd haina cha kusubiri.

nox_daima
Kweli kabisa. Na TimeoutStopSec isipuuzwe. Kawaida ni sekunde 90, baada ya hapo systemd inaua kwa nguvu. Hali ya torenti isipowahi kuhifadhiwa, ukiwasha tena zinaweza kukaguliwa upya, na kwa diski ya USB hiyo ni kazi ya saa nyingi.

kipanga_seva
Nimewaelewa wakuu, nakwenda na nox. Nitahakikishaje kwamba ulinzi wa diski unafanya kazi kabla sijaiacha peke yake?

nox_daima
`systemctl stop mnt-hifadhi.mount`. qbt inapaswa kuzimika kwanza, ndipo diski itenganishwe na mfumo (unmount). Ikibaki hai, rudi kwenye fstab.