Kampuni zikigombana Mwezini, je, ugomvi utabaki wa kibiashara?

Mkazi wa Tegeta:
Wanajukwaa, habari za jioni. Jana ndani ya daladala ya Kariakoo kijana mmoja alishikilia kwamba Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unazuia taifa lolote kujimilikisha Mwezi, hivyo hakuna cha kugombania. Hata hivyo, Marekani mwaka 2015 na Luxembourg mwaka 2017 zilitunga sheria zinazoruhusu kampuni kumiliki madini zitakayoyachimba huko. Haya mawili yanapatanaje, na kampuni za mataifa mawili zikigombana, serikali zao zitakaa pembeni?

Mvuvi Mstaafu:
Ndugu, nenda Feri alfajiri ukatazame mnada wa jodari. Bahari kuu haina mwenyewe, lakini samaki akishapakiwa chomboni ni wa aliyemvua, na hoja ya Marekani ni hiyo hiyo. Mimi hainiridhishi, kwa sababu samaki huzaana na kuhama, ilhali barafu iliyomo katika mashimo yasiyofikiwa na jua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi haiendi popote, na atakayetangulia kusimika mitambo hapo ameshapashika, hata asipotamka neno umiliki. Makubaliano ya Artemis ya 2020, yaliyoongozwa na Marekani kuhusu shughuli za Mwezini na ambayo China na Urusi hazikuyasaini, yanataja "maeneo ya usalama" kuzunguka shughuli za kila mmoja. Sisi tuliofuatilia kesi za viwanja huku Mbezi tunajua uzio wa muda unavyogeuka ukuta wa tofali.

Wakili Kijana:
Shikamoo mzee. Serikali haziwezi kukaa pembeni, kwa kuwa Ibara ya 6 ya Mkataba wa Anga za Juu inazibebesha dhamana ya shughuli za kampuni zake. Mwaka 2021 China iliuandikia Umoja wa Mataifa kwamba kituo chake cha anga kililazimika mara mbili kukwepa satelaiti za intaneti za Starlink, mali ya kampuni ya Kimarekani ya SpaceX. Marekani, si kampuni, ndiyo iliyojibu, ikisema hatari haikufikia kiwango cha dharura.

Mkazi wa Tegeta:
Nashukuru. Na sisi tusiorusha roketi?

Wakili Kijana:
Mabaki ya vyombo vyao yanatuangukia. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye uzito wa takriban kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, hapo Kenya tu. Chini ya mkataba wa fidia wa 1972, taifa lililorusha chombo hulipa madhara ya ardhini bila kuthibitishiwa uzembe, lakini anayedai kwa njia hiyo ni serikali, si mwenye shamba. Kanada ilidai hivyo baada ya satelaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, kuiangukia mwaka 1978, ikalipwa dola milioni 3 za Kanada miaka mitatu baadaye.