Kruzi kwenye gari: inafaa wapi, inaangusha wapi? Tupeane uzoefu

Masafa Marefu: Wakuu, Toyota nyingi za Japani zina kile kijiti kidogo cha kruzi nyuma ya usukani, upande wa kulia, na wengi hawakigusi. Bonyeza ncha, taa inawaka kwenye dashibodi. Ukifika mwendo unaoutaka, kishushe na uachie, kisha toa mguu kwenye mafuta, gari linashikilia mwendo huo lenyewe. Kukipandisha kunarudisha mwendo uliouweka, kukivuta kwako kunakata, breki nayo inakata. Chini ya kilomita 40 hivi kwa saa haishiki. Mnaitumia wapi?

Njia Kuu: Vijijini kwenye kibao cha 50. Weka 48, tochi ya trafiki haikupati.

Fundi Umeme: 48 halafu mtoto anakatiza? Kijijini endesha kwa mguu.

Njia Kuu: Mguu umetoka kwenye mafuta, unakaa juu ya breki. Unawahi zaidi.

Fundi Umeme: Wachache wanaoukalisha hapo. Wengi wanaukunja.

Tairi Nne: Hatari kubwa ni mvua. Maji yakitanda kwenye lami, tairi linayapanda. Anayeendesha kwa mguu anahisi usukani umekuwa mwepesi, anaachia mafuta taratibu. Kruzi haina hisia hiyo. Maji yakilikinza gari mwendo unashuka, yenyewe inaongeza mafuta. Magurudumu yanayosukuma yanazunguka bure, na yakiikamata lami tena ghafla, gari linayumba. Kwa Mark X au Crown, ambazo nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, makalio ndiyo yanayokwenda. Gari lenye kizuia utelezi huikata kruzi lenyewe, lakini utelezi umeshaanza. Matone ya kwanza tu, izime.

Mama Safari: Kweli kabisa. Na izimwe kwenye ncha. Ukiikata kwa breki, kijiti kikipandishwa kwa bahati mbaya inarudi 100.

Njia Kuu: Na mlima Kitonga, Iringa, je?

Masafa Marefu: Usithubutu. Kupanda, inashusha gia na injini inapiga kelele kwa kung'ang'ania mwendo. Kushuka, kruzi nyingi za kawaida hazina uwezo wa kukanyaga breki, uzito unalifanya gari liupite mwendo uliouweka. Shuka na gia ndogo. Kruzi inapunguza ulaji wa mafuta kwenye tambarare.

Fundi Umeme: Kwa zinazosumbua: kruzi imekufa, honi hailii, taa ya eabegi (mfuko wa hewa ndani ya usukani) inawaka? Ni ule utepe wa nyaya uliozungushwa ndani ya usukani, umekatika. Taa ya kruzi inawaka ila haishiki? Anza na swichi ya taa za breki, juu ya pedali. Taa ya injini ikiwaka, mara nyingi kompyuta inaizuia kruzi hadi hitilafu iondoke.

Mama Safari: Kijiti kinaweza kuongezwa?

Fundi Umeme: Ndiyo, kama kompyuta na nyaya zilishaandaliwa kiwandani, uliza kabla ya kununua. Toa hasi ya betri, subiri sekunde 90 ndipo uguse eabegi.

Tairi Nne: Na zile za rada zinazofuata gari la mbele, futeni tope kwenye nembo ya mbele, nyingi zinaonea hapo. Lori lililoharibika na kusimama barabarani, rada inaweza kulipuuza ukiwa kasi. Breki ni yako.